Utafiti wa presha na kiharusi Lamu: tangu swali hadi hesabu

Swali linalostahili utafiti mara nyingi huwa limekwisha kuulizwa barazani kabla mtafiti hajafika. Kwa Lamu swali ni hili: mbona watu wanaanguka na kupooza upande mmoja, na wengine bado wana nguvu zao? Mwongozo huu ni wa muuguzi, afisa wa afya, mwanafunzi wa chuo au mhamasishaji wa afya ya jamii anayetaka kulijibu kwa takwimu zinazoaminika: wangapi wana shinikizo la juu la damu, ni vihatarishi gani vinavyokwenda nalo, na baada ya miaka ni nani waliopatwa na kiharusi, moyo kushindwa kazi, ugonjwa wa figo au kifo.

Tuseme mapema tunaloliamini. Utafiti wa namna hii hauharibikii kwenye kompyuta. Unaharibikia mlangoni, kwa mtu ambaye hakuwepo nyumbani, na mkononi, kwa mkanda wa presha uliofungwa vibaya. Ndiyo maana maelezo marefu hapa ni ya mlangoni na mkononi, na hesabu tumeipa nafasi yake tu.

Swali na aina ya utafiti

Andika swali kwa sentensi moja yenye mambo manne: watu gani, kihatarishi gani, tokeo gani, muda gani. "Je, watu wa miaka 30 na zaidi kisiwani Pate wanaokunywa maji ya kisima yenye chumvi wana presha ya juu kuliko wanaokunywa maji ya jabia (birika la maji ya mvua)?" Hilo linapimika. "Athari za mtindo wa maisha kwa afya ya jamii" halipimiki, hata likipewa fedha.

Uchunguzi wa mara moja, yaani kupita nyumba kwa nyumba na kupima kila aliyechaguliwa siku hiyo, unakuambia wangapi wana tatizo. Haukuambii kipi kimetangulia kipi. Mtu akishaambiwa kliniki kuwa ana presha, hupunguza chumvi. Ukija wewe mwaka unaofuata na hojaji yako, utakuta wanaokula chumvi kidogo ndio wenye presha zaidi. Tarakimu zitakuwa sahihi na maana yake itakuwa kinyume cha ukweli.

Kujua kinachotangulia kunataka kufuatilia kundi: unawapima watu wakiwa wazima, kisha unarudi kwao mwaka baada ya mwaka. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948 na watu 5,209, ndio uliofungua njia hiyo kwa magonjwa ya moyo, na presha ya juu ikathibitika kuwa kihatarishi badala ya kuonwa kuwa sehemu ya uzee tu. Kama fedha ni za mwaka mmoja, anza na uchunguzi wa mara moja, lakini omba ridhaa ya kurudi na uchukue anwani kamili tangu siku ya kwanza. Ridhaa ambayo haikuombwa siku hiyo ni vigumu sana kuitafuta baadaye.

Njia ya tatu ni kuchukua waliokwisha kupatwa na kiharusi na kuwalinganisha na wasiopatwa. Ni ya haraka, ila wa kulinganishwa nao watoke vijiji vile vile, wala si kwenye foleni ya kliniki, kwa kuwa aliye kwenye foleni naye ni mgonjwa.

Vibali Kenya vina mpangilio wake: kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha idara ya afya ya kaunti, kisha chifu na mzee wa mtaa. Zungumza pia na imamu wa msikiti wa mtaa. Si takwa la sheria, lakini mtaa ambao haukuarifiwa hufunga milango kwa adabu, na wewe utaandika "hakupatikana" mahali ambapo ukweli ni "hakutaka".

Nani achaguliwe, na wangapi

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, uliowapima watu wa miaka 18 hadi 69, ulikuta takriban Mkenya mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Tumia robo hiyo kama makisio ya kuanzia. Ukitaka jibu lisilopotoka zaidi ya asilimia 5 juu au chini, hesabu ni 1.96 × 1.96 × 0.25 × 0.75, gawa kwa 0.05 × 0.05 (1.96 ni namba ya uhakika wa asilimia 95). Unapata 288.12, yaani watu 289.

Hiyo ingetosha kama ungechagua mtu mmoja mmoja kutoka kaunti nzima. Hutafanya hivyo, kwa sababu boti ni ghali. Utachagua vijiji au mitaa, na katika kila mmoja uchukue watu 20. Watu wa mtaa mmoja wanafanana: maji yao mamoja, duka lao moja, mara nyingi ukoo mmoja. Kufanana huko kunapunguza thamani ya kila mtu wa ziada. Kama kiwango cha kufanana ni 0.03, zidisha kwa 1 + (19 × 0.03), yaani 1.57, upate 454. Kisha ongeza kwa ajili ya watakaokosekana: ukitarajia asilimia 15, gawa 454 kwa 0.85, upate 535.

Watu 535 wanatosha kusema wangapi wana presha. Hawatoshi kusema presha inaleta kiharusi kiasi gani. Tuseme kiharusi kinawapata watu 7 kwa kila miaka-watu 1,000 (mtu mmoja akifuatiliwa mwaka mmoja ni mwaka-mtu mmoja). Ukiwafuata 535 kwa miaka 3 una miaka-watu 1,605 na viharusi kama 11 tu. Kwa 11 huwezi kutenganisha presha na umri, kisukari na tumbaku. Kinachohesabika katika utafiti wa matokeo ni idadi ya matukio. Kama huna nafasi ya maelfu ya watu, chagua tokeo lililo karibu zaidi, kwa mfano presha kupanda kutoka kawaida hadi juu, au protini kwenye mkojo.

Orodha ya nyumba uifanye upya. Katika mji wa kale nyumba moja ya ghorofa ina kaya mbili au tatu, na mlango wa barabarani ni mmoja. Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Panda juu uulize. Ndani ya kaya andika watu wazima wote, wakiwemo waliotoka, kisha kompyuta kibao ichague mmoja kwa bahati nasibu. Usichague kwa "anayefuata kuzaliwa", kwa sababu wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa, na usikubali kamwe kumpima aliyepo badala ya aliyechaguliwa.

Hapa ndipo pa kukazia. Timu ikitembea kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana itawakuta akina mama na wazee. Wavuvi, manahodha, wapakuzi wa bandarini, waendesha punda na vijana wa hoteli za Shela hawamo. Hao ndio wavutaji sigara na watafunaji miraa zaidi, na ndio wasiokwenda kliniki. Mvuvi anafuata maji, hafuati saa ya ofisi. Muulize nahodha wa kijiji siku za bamvua (maji makubwa) na za maji mafu (maji madogo), na lini vyombo vinarudi, ndipo upange ratiba. Wakati wa kaskazi bahari ni tulivu na wengi wanakuwa nje, wengine kambini mbali na kwao kwa wiki. Wakati wa kusi bahari inachafuka na utawapata nyumbani zaidi. Kila aliyechaguliwa atembelewe mara tatu kwa nyakati tofauti, mojawapo iwe baada ya isha, kabla hajaandikwa kuwa amekosekana. Na aliyekosekana aandikiwe umri wa makisio, jinsia na kazi yake. Safu hizo tatu zitakuokoa wakati wa uchambuzi.

Epuka Ramadhani, kwa kuwa usingizi, chakula, maji na saa za dawa zote hubadilika. Epuka wiki ya Maulidi, mji ukiwa umejaa wageni. Ijumaa usibishe hodi kuelekea adhuhuri.

Umri na saa

Makosa haya mawili huonekana madogo, na yana madhara makubwa.

Umri ndicho kihatarishi kizito kuliko vyote, na wazee wengi wataujibu kwa makumi: hamsini, sitini, sabini. Kitambulisho nacho huwa na mwaka uliokadiriwa. Tumia kalenda ya matukio. Alikuwa wapi Uhuru ulipokuja Desemba 1963? Alikuwa ameolewa wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960, Wabajuni wengi walipohama vijiji vya bara? Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978 alikuwa na watoto wangapi? Mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tsunami ya Desemba 2004, zitakusaidia kwa walio wadogo zaidi. Mwisho wa kila wiki hesabu umri wangapi unaishia na 0 au 5. Bila kukadiria, wangekuwa kama mmoja kati ya watano. Wakifika wawili kati ya watano, rudi uwafundishe wahojaji wako.

Saa nayo. Bibi akisema alikula chakula cha mwisho "saa tatu", ni saa tatu ya Kiswahili, na kompyuta kibao inasoma saa ya kizungu. Mhojaji akiandika 3 usiku badala ya 21, mfungo wa saa kumi unageuka saa nne, na sukari yake unaitupa bure. Weka kwenye fomu "saa tatu usiku" kwa maandishi, programu iigeuze yenyewe.

Kupima presha

Tumia mashine ya kielektroniki ya mkono wa juu iliyothibitishwa kwa watu wazima. Ya kifundo cha mkono usiitumie. Nunua mikanda ya ukubwa mitatu kwa kila mashine, kwa sababu kosa linalotokea zaidi ni hili: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba husoma chini. Ukiwa na mkanda mmoja tu, utaona unene unaleta presha hata pale ambapo ni mkanda ulioileta. Pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa utepe, kisha chagua: mkanda mdogo kwa sentimita 17 hadi 22, wa kati 22 hadi 32, mkubwa 32 hadi 42. Mipaka hutofautiana kwa mtengenezaji, soma iliyochapishwa kwenye mkanda wako. Andika kwenye fomu ukubwa uliotumika.

Hatua zenyewe:

1. Uliza kama katika nusu saa iliyopita amekunywa kahawa, amevuta sigara, ametafuna miraa au muguka, au amebeba mzigo. Aliyetoka barazani na vikombe viwili vya kahawa chungu, msubiri. Aende msalani kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha kipimo kwa milimita 10 (presha hupimwa kwa milimita za zebaki).

2. Akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Mkeka na kitanda havifai. Nyumba nyingi zina kiti kimoja cha plastiki, beba chako.

3. Apumzike dakika 5 kamili bila mazungumzo. Hojaji usiisome sasa. Wahojaji wanaobanwa na muda huuliza maswali wakati mashine inajaza, na mazungumzo peke yake yanapandisha kipimo.

4. Mkono wa kushoto au wa kulia, lakini uwe ule ule siku zote, uwekwe juu ya meza hadi mkanda ulingane na moyo. Ukining'inia, kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu milimita 8. Kama hakuna meza, kunja mto au gunia.

5. Mkanda ufungwe kwenye ngozi. Mikono ya kanzu au buibui ikikunjwa juu kwa kubana, inazuia damu. Mwanamke apimwe na mwanamke, ndani, mbali na daka (kibaraza cha mlangoni) na macho ya wapita njia. Jambo hili ni heshima kwanza, na tena ni kipimo: aliye na wasiwasi presha yake hupanda.

6. Pima mara tatu, mwache apumzike dakika moja hadi tatu kati ya kipimo na kipimo. Tupa cha kwanza, chukua wastani wa viwili vya mwisho.

Presha ya juu kwa utafiti ni 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, au mtu anayetumia dawa za presha hata kama leo amesoma 120. Ukimwacha huyu wa tatu nje, unawahesabu waliotibiwa vizuri kuwa hawakuugua kamwe.

Neno "dawa" lihakikishwe. Usiulize tu, omba uletewe. Angalia pakiti: amlodipini, losatani, haidroklorothayazidi, enalaprili. Wengi husema wanatumia dawa na maana yao ni mitishamba au kitunguu saumu. Hilo liwe swali lake peke yake. Andika pia vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo wapakuzi na wavuvi hununua dukani kwa ajili ya mgongo. Navyo vinapandisha presha na kuchosha figo.

Kila Jumatatu linganisha mashine zote na moja unayoihifadhi ofisini bila kuipeleka uwanjani. Hewa ya bahari hula viunganisho na mabomba ya mpira hupasuka kwa joto. Kila wiki pia angalia tarakimu ya mwisho ya vipimo vyote, mhojaji kwa mhojaji. Kila tarakimu inatarajiwa mara moja kati ya kumi. Mhojaji ambaye robo ya vipimo vyake inaishia na sifuri anakadiria, au anaandika bila kupima. Mwondoe uwanjani siku hiyo hiyo na urudie nyumba zake.

Uzito, kiuno, sukari

Sakafu za nyumba za kale hazijanyooka. Beba ubao wa plaiwudi uweke mizani juu yake, na kila asubuhi ijaribu kwa mtungi wa lita 20 wa maji ambao uzito wake unaujua. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, mwisho wa kutoa pumzi, juu ya nguo nyepesi moja. Futi ya fundi cherehani hurefuka ikizoea. Badilisha kila mwezi.

Sukari ya damu ipimwe baada ya mfungo wa saa 8 au zaidi. Milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Stripu nyingi zinataka kukaa chini ya nyuzi 30, na kopo likiachwa wazi kwenye unyevu wa pwani husoma uongo. Liweke ndani ya sanduku la baridi, lisigusane na barafu, na andika kwenye kopo tarehe ulipolifungua. Ukitaka kutumia kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kumbuka kuwa selimundu, hata kwa aliyebeba jeni moja tu asiyeugua, inaweza kuvuruga baadhi ya mashine, na pwani yetu wabebaji ni wengi. Ulizia mashine ya maabara yako inatumia njia gani kabla ya kulipa.

Chumvi iliyofichwa ndani ya maji

Hojaji ya chumvi ina udhaifu mkubwa. Hakuna anayejua anakula gramu ngapi, na mpishi ndiye anayejibu kwa niaba ya nyumba. Uliza vitu vinavyoonekana: samaki wa chumvi mara ngapi kwa wiki, achari, viungo vya pakiti, chumvi ya mezani. Kipimo cha kweli ni mkojo wa saa 24.

Asubuhi ya kwanza akojoe na kumwaga, uandike saa. Tangu hapo kila mkojo uingie kwenye chombo cha lita 5, pamoja na ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Mpe chupa ndogo ya kwenda nayo kazini na msikitini, la sivyo mkojo wa mchana wote utapotea. Kataa chombo chenye chini ya mililita 500, au cha mtu aliyekiri kusahau zaidi ya mara moja. Milimoli za sodiamu kwa siku zigawe kwa 17.1, upate gramu za chumvi: 125 ni gramu 7.3. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5. Na kwa anayetoka jasho siku nzima juani, mkojo unakuonyesha pungufu ya alichokula, hivyo usiwalinganishe wavuvi na wauza duka bila kulitaja hilo.

Jambo linalosahaulika visiwani ni maji yenyewe. Kuna visima ambavyo maji yake yana ladha ya chumvi, hasa kiangazi kikiendelea, na kuna kaya zinazotegemea jabia za mvua. Maji ya sodiamu miligramu 400 kwa lita, mtu akinywa lita 2, yanampa miligramu 800, sawa na gramu 2 za chumvi kabla hajala chochote. Utafiti usiouliza chanzo cha maji utaandika "kijiji" kama kihatarishi na hautajua kwa nini. Andika kila kaya inakunywa nini kiangazi na inakunywa nini masika, chukua mililita 100 kutoka kila kisima kwa misimu yote miwili, na peleka maabara ipime sodiamu. Kidude cha mkononi cha kupima chumvichumvi kinafaa kuchuja visima, ila kinahesabu madini yote pamoja, na chokaa ya matumbawe nayo imo humo.

Miraa na muguka uviulize kando kando, na siku za wiki badala ya "huwa unatumia?" Tambuu yenye tumbaku na ugoro visiachwe, hasa kwa wanawake ambao watajibu "sivuti" kwa ukweli kabisa.

Kuwafuatilia

Chukua jina la mtu, la baba, la babu, la mama, na lakabu analojulikana nalo mtaani. Majina yanafanana mno, na rejista za hospitali zinaandika Athman, Othman na Athumani kwa mtu mmoja, au Khadija na Hatija. Mpe kila mtu namba ya utafiti na kadi. Chukua simu tatu: yake, ya ndugu asiyelala nyumba hiyo, na ya jirani au mwenye duka.

Kiharusi usikiulize kwa jina. Wapo watakaosema upepo, wapo watakaosema jini, na waliompeleka mgonjwa kwa mganga hawatakwambia "kiharusi". Uliza dalili: ghafla mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, mdomo kupinda, maneno kukatika, na ilidumu zaidi ya saa 24 au ikaishia kwa kifo? Kila "ndiyo" iangaliwe na tabibu asiyejua kama mtu huyo alikuwa na presha mwanzoni. Akijua, atakuwa mwepesi kuthibitisha kwa mwenye presha, na uhusiano utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Matokeo mazito hayakai Lamu. Mgonjwa huvushwa kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, akapelekwa Malindi au Mombasa, na akifa huko huenda akazikwa huko. Ukisoma rejista za hospitali za kaunti peke yake, utawahesabu waliopelekwa nje kuwa wazima au waliohama. Omba kibali cha kusoma rejista za huko tangu mwanzo. Kilifi wana mfano mzuri: tangu mwaka 2000 daftari la wakazi wa eneo la utafiti limekuwa likihuishwa kwa kutembelea nyumba, na kuunganishwa na rekodi za hospitali ya kaunti, hivyo anayelazwa anajulikana ametoka nyumba gani.

Waliofia nyumbani huzikwa siku hiyo hiyo au ya pili, bila cheti cha daktari. Mzee wa mtaa na naibu wa chifu ndio wanaojua, kwa hiyo wapigie kila mwezi. Kisha fanya mahojiano ya kutambua sababu ya kifo, na aliyemuuguza ndiye wa kuhojiwa. Ngoja arobaini ipite. Mjane aliye edani ahojiwe na mwanamke, ndani, kwa ridhaa yake, au usubiri miezi minne na siku kumi zitimie. Ukichelewa zaidi ya mwaka kumbukumbu zinachujuka.

Hesabu

Kabla ya hesabu yoyote linganisha sampuli yako na sensa ya 2019 kwa umri na jinsia. Kama wanaume ni theluthi tu ya sampuli, mpe kila mwanaume uzito zaidi, na useme wazi kuwa uzito huo haurudishi wale wavuvi ambao hukuwahi kuwaona.

Kisha umri. Chukua mfano huu wa tarakimu za kufundishia. Wenye presha ya juu: viharusi 28 kwa miaka-watu 1,200, yaani 23.3 kwa elfu. Wasio nayo: 19 kwa miaka-watu 2,600, yaani 7.3 kwa elfu. Uwiano ni 3.2. Sasa wagawe. Walio chini ya miaka 50: wenye presha 4 kwa 400, wasio nayo 10 kwa 2,000, yaani 10 dhidi ya 5. Wa miaka 50 na zaidi: 24 kwa 800 na 9 kwa 600, yaani 30 dhidi ya 15. Kila rika uwiano ni 2. Ile 1.2 ya ziada ilitokana na wenye presha kuwa wazee zaidi. Fanya jedwali kama hili kwa mkono kabla hujaigusa programu ya takwimu, kwa umri, kwa jinsia na kwa tumbaku. Programu itakupa jibu hata kwa swali lisilo na maana.

Kwa tatizo lililo kwa robo ya watu, uwiano wa odi (wenye tatizo wakigawiwa kwa wasio nalo, kundi kwa kundi) hukuza mambo. Tumia uwiano wa viwango (wenye tatizo wakigawiwa kwa watu wote wa kundi), na uandike pia tofauti yenyewe: watu wangapi zaidi kwa kila elfu. Kaunti inapanga dawa kwa tofauti hiyo. Na katika uchambuzi iambie programu kuwa watu walichaguliwa kwa vijiji, la sivyo mipaka ya uhakika itakuwa myembamba kwa uongo.

Tahadhari ya mwisho ya hesabu: wote waliosoma juu siku ya kwanza wakipimwa tena mwezi ujao, wastani wao utashuka hata bila dawa, kwa sababu baadhi walishikwa siku yao mbaya. Usiite huko mafanikio ya elimu ya afya uliyowapa, mpaka uwe na kundi la kulinganisha.

Unachomdai mtu uliyempima

Kila mtu apewe namba zake kwa maandishi, na aambiwe "leo presha yako imesoma juu". Usimwambie "una ugonjwa wa presha", kwa kuwa uthibitisho unataka kipimo cha siku nyingine kliniki. Aliyesoma 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 110 au zaidi kwa namba ya chini, mpumzishe, mpime tena. Ikibaki hapo, aonwe siku hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka, macho kufifia, pumzi kukata au udhaifu wa upande mmoja, asisubiri kipimo cha pili. Mama mjamzito mwenye 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, ana njia yake: apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, na namba ya juu ikifika 160 au ya chini 110, au akiwa na maumivu ya kichwa, ni dharura.

Boti ya dharura kutoka visiwa vya mbali kama Kiwayu au Ndau iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa jina lake, na namba ya nahodha iwe kwa kila mhojaji. Taarifa za afya ni nyeti chini ya sheria ya kulinda data ya mwaka 2019: orodha ya majina ikae kwenye kompyuta tofauti na vipimo, zote kwa nywila. Ripoti ya umma itaje wadi, isitaje kijiji cha kaya 30, ambako "mwanamume mmoja wa miaka 60 aliyepooza" kila mtu atamjua. Kijiji kisomewe matokeo yake mbele ya wazee na akina mama, kwa Kiswahili, kabla hayajapelekwa kwenye jarida, na kisima kilichokutwa na chumvi nyingi kitajwe kwa watu wake siku maabara inapojibu.